Mapacha wa Dunguni na Lugha Yao

Sisi tuliokulia Mbozi wakati Mwingereza angali anatawala tulikuwa na lugha nyingi kuliko nguo. Nguo ilikuwa moja tu, ya kaniki au ya marekani, na siku ya kufuliwa ulijifunika gunia mpaka ikauke. Lakini lugha tulikuwa nazo za kumwaga. Kinyiha tulikinyonya kwa mama zetu. Kinamwanga tulikipata kwa wajomba walioolea upande wa Tunduma, Kindali kwa majirani waliopanda kutoka Ileje kutafuta mashamba. Kiswahili tulikiokota shuleni kwa viboko, na hadi leo wajukuu wangu hunicheka kwamba nasema Kiswahili cha milimani. Wacheke tu. Wao wana Kiswahili kimoja na nusu, hiyo nusu wameitoa kwenye simu, na ukiwaamkia kwa Kinyiha wanatazamana kama umewauliza hesabu.

Nakumbuka hasa msimu wa ulezi. Mwezi wa tano baridi ilishuka Ruanda, kijiji chetu, umande ukakaa kwenye majani mpaka jua lipande, na ulezi ukaanza kubadilika rangi. Hapo shule ilikuwa ikipungukiwa watoto. Mwalimu alibaki anaita majina na kuitikiwa na watatu wanne, maana sisi wengine tulikuwa shambani tunaamia ndege. Kila shamba lilikuwa na dungu lake, jukwaa la miti lenye kipaa cha nyasi, na juu yake mtoto mmoja au wawili tangu kunapopambazuka. Tulikuwa na fito laini. Unabandika kidonge cha udongo mbichi kwenye ncha, unaupinda ufito, unauachia, na kidonge kinakwenda kutua katikati ya kundi la ndege. Ukikosa ndege unampata jirani, na hapo ugomvi unaanza.

Chini ya dungu kulikuwa na moto wa kuchomea viazi vitamu. Viazi vile vya kwenye majivu, ukila na maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu, sijapata kuonja tena kitu cha namna hiyo, na nimekula hotelini. Siku nzima tuliitana kutoka dungu hadi dungu. Tulitukanana, tulitaniana koo, tuliulizana vitendawili, tulipashana habari za nani kachapwa na mama yake asubuhi ile. Mama akisikia dungu letu liko kimya alijua nimelala, na alitokea na kifimbo. Ukimya ulikuwa kosa.

Dungu moja tu halikuwa likiitika. Lilikuwa la mwisho kabisa, lililopakana na msitu wa miyombo, na lilikuwa la mjane wa mdogo wake babu yangu. Bibi huyo alikuwa kiziwi tangu utotoni na hakusema neno lolote. Alizungumza kwa mikono, na wa kumwelewa walikuwa wachache. Binti yake alijifungua mapacha wa kike akafa siku hiyohiyo. Baba yao alikuwa amekwenda machimbo ya shaba, ng'ambo, Rhodesia ya Kaskazini, na hakurudi wala hakuandika. Mapacha peke yao walitosha kuogopwa. Mapacha waliozaliwa na mama akafa, watu waliwaogopa maradufu. Mwinjilisti aliwabatiza Lea na Raheli, akawaombea, na hata yeye hakukaa kunywa maji. Basi bibi yule akahamia pembeni, akajenga kibanda nyuma ya shamba lake, na wale watoto wakakulia pale. Watu walipeleka chumvi, walipeleka unga, waliweka mlangoni wakaondoka bila kuongea. Kwa miaka mitano hapakuwa na mtu aliyekaa chini akazungumza na watoto wale.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kama tisa au kumi. Mama alikuwa mtu wa huruma ya kimyakimya, akaniagiza niwe nawapelekea uji kila asubuhi kabla sijapanda dunguni kwetu. Alinionya niuweke nirudi. Siku ya kwanza niliuweka nikarudi mbio. Siku ya pili nilisimama nyuma ya kichuguu nikawasikiliza.

Walikuwa wamekaa juu ya dungu wamenipa mgongo, mabega yamegusana, wanazungumza. Sikuelewa hata neno moja. Nilijaribu kusikiliza kwa Kinyiha, nikajaribu kwa Kinamwanga, nikajaribu hata kwa kile Kiswahili changu cha shule, na hayakuwa maneno ya watu ninaowajua. Yalikuwa mafupi, laini, mengine yanasemwa kwa pumzi ya kuingia ndani badala ya kutoka. Siwezi kuyaandika hapa. Nilijaribu zamani, na herufi alizotufundisha mwalimu hazikuyatosha. Mmoja alisema, mwenzake akasubiri zamu yake akajibu, halafu wote wawili wakacheka pamoja. Nywele zilinisimama. Chini yao bibi yao alikuwa anapepeta, hasikii kitu.

Mtu mwenye akili angeacha kwenda. Mimi nilienda kila siku, na kila siku nilikaa zaidi kidogo. Walianza kunisogelea. Sijui niliwaelewa lini. Lugha huingia bila kupiga hodi. Kwanza nilijua sauti waliyoisema ndege wakija, kisha ile waliyoisema ndege wakiwa wamekwisha kuondoka, kisha nikagundua kuna nyingine ya ndege ambao bado, watakaokuja kesho. Hapo nilishangaa. Nani aliwafundisha kesho? Bibi yao hakuwa na kesho mkononi mwake, alikuwa na njoo, kula, lala.

Ila nilijua kwa hakika kwamba ile ni lugha kamili siku walipodanganyana. Raheli alikula uji wa Lea, akafuta mdomo, na Lea alipouliza, Raheli akamwambia kwamba nyani kashuka akaunywa, tena akaeleza nyani alikuwa mkubwa kiasi gani na alikaa wapi. Hapakuwa na nyani. Lea akatazama msituni, akamtafuta nyani wa maneno, na Raheli akaninong'oneza mimi nisiseme. Nilimwelewa. Nilicheka mpaka nikaogopa, maana niligundua kwamba nimecheka kwa lugha yao.

Kulikuwa na jambo moja katika lugha hiyo lililokuwa likinisumbua. Hawakuwa na mimi. Sikuwahi kusikia mmoja wao akisema mimi. Walikuwa na neno moja la sisi wawili, na mmoja akitaka kusema ana njaa alisema sisi wawili tuna njaa, hata kama mwenzake ameshiba. Jioni walipokuwa wakiongea kabla jua halijazama, bibi yao aliweka kiganja kimoja kooni mwa Lea na kingine kooni mwa Raheli, akafumba macho, akatabasamu. Alikuwa anasikia kwa mikono. Niliwaona hivyo mara nyingi, na sijawahi kuona watu waliotosheka kama wale watatu. Mimi nami nilianza kuota ndoto ambazo watu wote ndani yake, hata mama yangu, walizungumza maneno ya dunguni.

Siri haikudumu. Mwanamke mmoja aliyekwenda kuokota kuni aliwasikia, akatupa mzigo wake, akafika nyumbani kwa babu anahema. Kufikia jua kuzama, Ruanda nzima ilikuwa inajua kwamba watoto wa marehemu wanaongea lugha isiyojulikana. Na hapa ndipo kosa letu lilipoanzia, kosa ambalo nadhani lingeweza kufanywa na watu wa kwetu tu. Kwetu kila lugha ilikuwa ya mtu. Ukisikia usemi wa mtu unajua anatoka bonde gani, amekunywa maji ya mto gani, ng'ombe wake wa mahari watoke wapi. Haikumjia mtu yeyote kwamba watoto wawili wanaweza kuitoa lugha ndani yao wenyewe, kama wanavyoota meno. Swali lililoulizwa lilikuwa moja tu, kwamba hii ni lugha ya nani.

Babu yangu alikuwa mtu wa haki, nataka lieleweke hilo. Hakuhukumu kwa uvumi. Alituma watu, akakusanya wajuzi wa lugha, na baada ya mavuno, asubuhi ya jua zuri, waliketi uwanjani kwetu, kila mmoja na kigoda chake na kata ya togwa. Wanawake tulikuwa pembeni tunapura ulezi. Mapacha waliletwa na bibi yao wakakalishwa kwenye mkeka katikati.

Alisikiliza kwanza shemeji wa babu, Mnamwanga, akatikisa kichwa. Akasikiliza mama mmoja wa Kindali, akasema si kwao. Kulikuwa na Msafwa aliyepita kuuza jembe, akaitwa naye, akasema hajawahi kusikia. Fundi cherehani Mbemba, aliyekuwa akija kutoka Nakonde na mashine yake kichwani, aliwaamkia "Mulishani" mara tatu, wakamtazama tu. Mwinjilisti alisema amewahi kusikia Kijerumani na Kiingereza, na hii haikuwa mojawapo. Akabaki baba yangu mdogo, ambaye alikuwa amerudi kutoka vita vya Burma na alidai anajua lugha kumi na mbili. Alikaza mkanda, akawasemesha Kiburma, au alichosema ni Kiburma, kwa sauti ya kuamrisha paredi. Lea akamwambia Raheli kitu, na wote wawili wakapasuka kicheko. Watu wengine nao wakacheka. Ni mimi peke yangu niliyejua kwamba Lea amesema mtu huyu ana meno ya farasi wa mmisionari.

Kisha kicheko kikaisha na uwanja ukatulia. Niliona watu wazima wakianza kuelewa, mmoja baada ya mwingine. Lugha za walio hai zilikuwa zimekwisha. Wote waliojulikana walikuwa wameulizwa na wote walikuwa wameikana. Mama yule wa Kindali alikusanya nguo yake miguuni akasogeza kigoda nyuma.

Babu aliweka kata yake chini. Halafu akasema polepole, "Kama si ya walio hai, wote hapa tunajua ni ya kina nani. Na wale hawazungumzi na mtu bure. Maneno hayo yanahitaji midomo miwili. Tukiitenganisha, yatakosa njia."

Akageuka kututazama sote. "Kabla sijakata neno, nauliza. Kuna mtu yeyote hapa anayewaelewa watoto hawa?"

Fimbo ya kupuria ilinigandia mkononi. Lea na Raheli waligeuka wakanitazama, wote wawili kwa pamoja, bila haraka. Na Raheli akasema, kwa ile lugha, mbele ya Ruanda nzima, maneno ambayo ni mimi tu niliyeyaelewa.

"Waambie."

Nilikuwa na kila kitu cha kusema. Ningesema wanaongea habari za ndege na uji. Ningesema wanadanganyana kama watoto wote, kwamba wamemwita baba mdogo meno ya farasi. Watu wangecheka tena na yangekwisha. Lakini nilikuwa nimemsikia babu, na niliona yule mama alivyovuta nguo yake. Ningefungua mdomo, midomo ingekuwa mitatu. Niliinamisha kichwa nikautazama ulezi. Mama yangu akainuka kama anayekwenda kuchota nafaka, akaketi mbele yangu, mgongo wake ukanificha. Hapo ndipo nilipojua kwamba mama alikuwa anafahamu siku zote.

Alinisemesha baadaye, tukiwa kisimani, bila kunitazama. "Umefanya vizuri. Usiyaseme tena maneno yale, mwanangu, hata ukiwa peke yako." Nilitii. Katika maisha yangu sijatii amri nyingine kwa ukamilifu kama ile, na sijajuta kwa nyingine kama kwa ile.

Raheli alipewa shangazi yao, dada wa baba yao, aliyekuwa ameolewa Kamsamba. Mama huyo alikuja na mchele wake wa zawadi, akakaa siku mbili, akaondoka na mtoto. Ni mwendo wa siku nzima na zaidi, unateremka milima mpaka kwenye joto la bondeni, upande wa ziwa Rukwa. Nilitegemea watoto walie. Hawakulia. Walipoona mkono wa shangazi umemshika Raheli walianza kuongea kwa haraka, na nilipotega sikio nikagundua hayakuwa mazungumzo. Walikuwa wanataja maneno yao. Mmoja anataja neno, mwenzake analirudia, kisha jingine, kisha jingine. Ndege. Moto. Uji. Kesho. Nyani. Walikuwa wanahakikisha kwamba kila mmoja anayo yote. Shangazi alivyozidi kwenda walipaza sauti, wakaitana ng'ambo kwa ng'ambo ya shamba kama sisi wengine tulivyoitana kutoka madunguni, mpaka nikaacha kumsikia Raheli. Lea hakuacha. Alisema neno, akanyamaza muda wa kujibiwa, akasema jingine.

Na hilo ndilo lililowatisha watu wa kwetu kuliko lugha yenyewe, kwa sababu aliendelea hivyo miezi. Tulimchukua kwetu yeye na bibi yake. Asubuhi alikaa kizingitini, bega moja limeegemea hewa, akasema sentensi, akatulia kwa muda uleule ambao Raheli angechukua kujibu, kisha akacheka, au akakasirika, au akajibu jibu. Wakati mwingine alinigeukia mimi kama anayetaka niamue nani kasema kweli. Nilimjibu kwa Kinyiha kwamba aende akanawe uso. Alinitazama kwa namna ambayo sitaki kuieleza, akarudi kwa yule asiyeonekana. Bibi yake jioni aliweka kiganja kooni mwake, na mkono wa pili ukabaki umenyooka hewani, haujui uende wapi.

Asubuhi moja, mvua za kwanza zikiwa zimeanza na sisi watoto tumetoka kuokota uyoga, nilimkuta amekaa palepale. Alisema sentensi yake, akasubiri. Akasubiri. Muda wa jibu ukapita, akaendelea kusubiri, shingo ameiinamisha upande. Uji ulipoa kwenye bakuli. Baadaye akageuka, akanitazama usoni, akasema kwa Kinyiha safi, kisicho na kigugumizi wala kosa la mtoto, "Dada Anyesi, naomba mimi nipashiwe uji."

Alisema mimi. Niliangusha kikapu cha uyoga.

Kumbe Kinyiha chote alikuwa nacho. Alikuwa amekisikiliza siku zote hizo, amekiweka, na siku hiyo kilimtoka kizima. Wiki mbili baadaye mtu wa Kamsamba alileta habari kwamba Raheli amekufa kwa homa ya bondeni, homa inayowaua watoto wa milimani wakishushwa kule. Mama yangu alimuuliza ilikuwa siku gani, akahesabu kwa vidole, akaacha kuhesabu. Sisemi ilikuwa ni siku ile. Hatukuwa na kalenda ukutani. Nasema tu kwamba mama aliacha kuhesabu kabla hajafika mwisho.

Lea aliambiwa kwa Kinyiha kwamba pacha wake amekufa, akalia kwa Kinyiha kama mtoto yeyote. Babu alishukuru Mungu kwamba dawa yake imefaa. Kisha tukakua, bendera ikabadilishwa, Lea akaolewa Tunduma, na huko hapakuwa na mwanamke mwenye mdomo kama wake sokoni. Alikuwa akiuza maharage na mchele kwa watu wa pande zote mbili za mpaka. Ukimkuta asubuhi anapatana bei kwa Kibemba, mchana anagombana na mgambo kwa Kiswahili, jioni anaimba kanisani kwa Kinamwanga cha mumewe. Mara moja tu, tukiwa tumezeeka, nilithubutu kumuuliza kama anakumbuka yale maneno ya dunguni. Alicheka akasema alikuwa mtoto tu, dada, hakumbuki chochote. Nilimwamini, na nafsi yangu ikapumua.

Mwaka jana kiharusi kilimpiga. Mwanawe alinipigia simu kwamba mama amepoteza fahamu ya lugha, anaweweseka, na mjukuu mmoja wa Lea akanifuata kwa bodaboda. Nilikuta chumba kimejaa. Kijana mmoja, Baraka, mjukuu wake mwingine, alikuwa ameishika simu karibu na mdomo wa bibi yake. Aliniambia simu inatambua lugha za dunia nzima, ila hii inaishinda. Mara ya kwanza imesema ni Kijapani, mara ya pili Kinyarwanda, mara ya tatu ikaandika kwamba haijui. Aliitikisa, akajaribu tena. Nilikaa kitandani nikamtazama kijana yule na simu yake, nikawaona wazee wetu na vigoda vyao.

Lea hakuwa anaweweseka. Alikuwa anasema wazi, na sauti ilikuwa ya mtoto wa miaka mitano iliyotoka kwenye kifua cha bibi kizee. Alikuwa anasema, "Sisi wawili tumechelewa. Moto unazima. Mbona sisi wawili hatujarudi?"

Nilielewa kila neno. Miaka yote ile sikuyasema hata nikiwa peke yangu, na yote yalikuwepo. Na nikaelewa jambo jingine. Kwa Kinyiha Lea alijua tangu utotoni kwamba Raheli amekufa. Kwa Kinyiha alikuwa ameshalia akamaliza. Lakini katika lugha ile hakuna mtu aliyewahi kumwambia, kwa kuwa mtu pekee aliyeweza kumwambia alikuwa mimi. Katika lugha ile Raheli alikuwa bado yuko njiani.

Lea aligeuza macho akaniona. Aliuliza tena. Watu chumbani walikuwa wananitazama, mwanawe akaniuliza, "Mama mkubwa, unaelewa anachosema?"

Niliinama sikioni mwa Lea nikafungua mdomo, na maneno yakatoka, yale ya pumzi ya kuingia ndani. Nilimwambia, "Anakuja. Ameshavuka shamba."

Alitulia. Uso wote ulilegea. Kisha kwa ule mkono mmoja uliokuwa bado una nguvu alijivuta, akasogea ukutani, akaacha nafasi kitandani ya mtu mmoja mdogo. Wanawe walidhani anataka kugeuzwa. Alifariki siku ya tatu, mchana, na hakuna aliyekaa kwenye ile nafasi.

Zamani wazee wetu waliiogopa lugha ile kwa kuwa hawakumpata mwenyewe. Vijana wa leo hawaogopi kitu, wanataka tu kurekodi kitu kisipotee, na sijui ni lipi bora. Baada ya matanga Baraka alikuja hapa nyumbani na simu yake, akaiweka mezani, akaniomba kwa adabu niseme chochote cha bibi yake. Niliivuta simu karibu nami. Halafu nikasema, kwa lugha ile, yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, kwamba niliwaelewa siku ile uwanjani, kwamba Raheli aliniambia niwaambie na mimi nikainama nikautazama ulezi.

Baraka alifurahi sana. Akaniuliza maana yake ni nini.

Nikamwambia ni salamu tu.